FUNDI BOMBA NA MAJENGO YETU YA ZAMANI

Katika majengo ya ghorofa yaliyo katikati ya miji yetu, hakuna jambo liwagombanishalo majirani upesi kama maji. Maji ya aliye juu humshukia aliye chini. Naye aliye chini, akiona dari lake limeota madoa na chokaa yabanduka, hupanda ngazi kwa hasira kwenda kugonga mlango wa mwenziwe. Wa juu hujibu kwamba kwake ni pakavu. Mara nyingi wote wawili husema kweli, kwa sababu bomba lililopasuka si la huyu wala si la yule: limo ndani ya ukuta, nalo ni la jengo zima. Nao wanapoendelea kushtakiana, maji yaendelea kula nondo.

Leo twataka kusema neno juu ya jambo hili. Wapo watakaoliona dogo, lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Lakini si dogo kwa mfanyakazi ambaye mshahara wake wangojewa na haja kumi kabla haujatoka, na ambaye katika mwaka mmoja amelipa mafundi watatu kwa tundu lile lile. Jambo lenyewe ni namna ya kumpata fundi bomba anayelifaa jengo la zamani, na namna ya kupatana naye, ili jengo lidumu, mpangaji asipoteze fedha yake, na fundi mwenyewe apate haki ya jasho lake.

Majengo haya tuliyapataje

Yafaa kwanza tukumbuke historia. Pale Dar es Salaam, katika sehemu za Kisutu, Upanga na Kariakoo, yako majengo mengi ya ghorofa tatu na nne yaliyojengwa kabla ya Uhuru au miaka michache baada yake. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kisha, mwezi wa Aprili 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, ikapitishwa sheria iliyoyafanya kuwa mali ya taifa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na za Shirika. Huko Zanzibar nako yako majumba marefu ya Michenzani, ambayo ujenzi wake uliendelea katika miaka ya 1970, na maelfu ya wananchi wamelelewa humo.

Baadhi ya majengo ya namna hiyo yamekwisha kubomolewa ili kupisha marefu zaidi. Yaliyobaki yana umri wa miaka 50, 60, na mengine zaidi. Yalipojengwa, mpimaji alipiga hesabu ya jamaa moja kwa kila flati, yenye sinki moja, bafu moja na choo kimoja. Leo katika flati ile ile mna mashine ya kufulia nguo, hita ya maji ya moto, na pengine choo cha pili kilichochongwa kutoka stoo. Bomba ni lile lile. Tusishangae basi kwamba lanung'unika.

Yaliyomo ndani ya ukuta

Mabomba ya maji safi katika majengo hayo aghalabu ni ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki ni kinga, lakini ni kinga ya muda. Ikiisha kuliwa, kutu huanza kuota ndani ya bomba, nayo haitoki bali hujijenga tabaka juu ya tabaka, hata bomba la nusu inchi likabakiwa na kitundu cha kupitisha kalamu. Mpangaji huona maji yatoka kidogo, tena mekundu asubuhi, akadhani mamlaka ya maji ndiyo imepunguza msukumo. Humwita fundi, naye, kama si mwangalifu, huleta pampu kubwa. Pampu husukuma kwa nguvu juu ya bomba lililokwisha kuwa jembamba kama karatasi, na baada ya wiki mbili lapasuka mahali pengine, mara nyingi ndani ya ukuta wa jirani. Pampu ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni shauri.

Mabomba ya maji machafu nayo yana mambo yake. Katika majengo ya zamani husimama wima kutoka ghorofa ya juu hadi chini, yakipokea vyoo na masinki ya kila ghorofa. Baadhi ni ya chuma cha kusubu, ambacho hupasuka kwa urefu upande wa nyuma, mahali jicho lisipofika. Mengine ni ya saruji iliyochanganywa na asibesto. Haya, fundi asiyejua huyakata kwa mashine ya msumeno, vumbi likatimka, akalivuta yeye na watoto wanaomtazama. Vumbi la asibesto huingia katika mapafu lisitoke, na maradhi yake, saratani ikiwa mojawapo, huweza kujitokeza baada ya miaka 20 na zaidi. Fundi anayeliona bomba la namna hiyo akaliacha, akataka kwanza lishughulikiwe kwa utaratibu wake, huyo si mwoga. Ni mtu ajuaye kazi.

Kisha liko jambo la harufu. Chini ya kila sinki na ndani ya kila choo pana kona iliyopindwa ambayo hubaki na maji, kina chake kama sentimita 5 hivi. Maji hayo machache ndiyo mlango uzuiao hewa chafu ya bomba isirudi chumbani. Bomba la wima likikosa njia ya kupumulia juu ya paa, au mtu akiliziba asijue kazi yake, basi kila choo cha ghorofa ya juu kinapomwagwa, maji ya kona za chini hunyonywa yakaondoka nayo. Hapo uvundo na mende huingia, na mama mwenye nyumba hununua dawa ya kunukiza mwezi baada ya mwezi. Dawa ya ugonjwa huo haiuzwi dukani. Iko kwenye tundu la paa.

Mwisho liko lile la juu kabisa, yaani matangi. Kwa kuwa maji huja kwa zamu, na wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mgao wa mwaka 2022 uliokuja baada ya mto Ruvu kupungua mno, kila mpangaji hutaka tangi lake darini. Haki yake. Lakini tukumbuke kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Wapangaji wanane wakiweka matangi ya lita 2,000 kila mmoja, wamepandisha tani 16 juu ya paa ambalo pengine mjenzi wake alilihesabia mvua na mtu mmoja wa kuanika nguo. Fundi bomba akiombwa aunganishe tangi la tisa, anapaswa kuuliza ni nani aliyelipima paa hilo.

Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza

Watu wengi humchagua fundi kwa mambo mawili: upesi wa kufika na uchache wa bei. Mambo hayo yana nafasi yake. Bomba lipasukapo saa nane za usiku hakuna atakayefanya mkutano. Lakini kwa kazi isiyo ya dharura, sisi twaona kipimo kilicho bora kuliko hivyo viwili ni maswali anayouliza fundi kabla hajafungua mfuko wake wa zana.

Fundi alijuaye jengo la zamani atauliza: Koki kuu ya jengo iko wapi, na je, yafunga? Ni swali dogo, lakini katika majengo mengi koki hiyo haijaguswa miaka 20, imekamatwa na kutu, na ukiizungusha kwa nguvu yakatika shingo mkononi. Atauliza flati iliyo juu na iliyo chini zina tatizo gani, kwa maana maradhi ya bomba la wima hayaelezwi na flati moja. Atauliza ni lini mara ya mwisho bomba lilitengenezwa na kwa kitu gani. Atataka kuona dira. Atafunga koki zote za ndani, kisha asimame aitazame dira robo saa. Ikizunguka hali hakuna koki iliyo wazi, amekwisha kujua kwamba maji yapotea mahali fulani. Akishuku choo cha juu, atatia rangi ya chakula ndani ya maji yake na kungoja kuona kama dari la chini litabadilika rangi. Njia hizi hazigharimu kitu, nazo humwepusha mtu kuvunja ukuta usio na hatia.

Kinyume chake, yule anayeingia, akapiga ukuta ngumi mara mbili, akasema "hapa hapa", kisha akaomba nyundo, huyo tumwogope. Na tumwogope zaidi anayetaka kukata nguzo au boriti ili apate njia iliyonyoka. Jengo la ghorofa limesimama kwa nguzo na boriti zake, wala halisimami kwa rangi. Novemba 2024 taifa zima lilishuhudia msiba wa jengo lililoporomoka Kariakoo na kuua watu wengi. Hatusemi kwamba bomba ndilo lililoliangusha. Twasema kwamba tangu siku ile hakuna mtu mwenye udhuru wa kuchezea mfupa wa jengo bila idhini ya mhandisi.

Lipo na swali moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau, nalo ni la umeme. Katika majengo mengi ya zamani, waya wa kupeleka umeme ardhini, ambao mafundi huuita ethi, ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Fundi akiling'oa bomba hilo na kutia la plastiki, kazi yake itakuwa safi na haitavuja. Lakini plastiki haipitishi umeme, na jengo zima litakuwa limebaki bila ethi pasipo mtu kujua. Siku hita ya maji itakapoharibika, atakayeoga ndiye atakayejua. Kwa hiyo kabla ya kubadili bomba la chuma kwa la plastiki, fundi umeme aitwe naye atazame. Gharama yake ni ndogo mbele ya roho ya mtu.

Ama kuhusu vyeti, twasema hivi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha na kutahini mafundi bomba. Tena hata yule aliyejifunza kwa kubeba mfuko wa bwana wake kazini, bila kuketi darasani, ana njia ya kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Ni vema kukiuliza. Lakini cheti pekee hakitoshi, kwa maana fundi aweza kuwa hodari katika jengo jipya lenye mabomba ya plastiki, na asiwe amewahi kufungua hata mara moja yunioni ya chuma yenye katani ya miaka 50. Basi tumwombe pia atutajie jengo la zamani alilolitengeneza, twende tukazungumze na wakaaji wake. Fundi mwema hafichi kazi yake.

Mapatano na ujira

Hapa ndipo penye kinyongo kikubwa kati ya mpangaji na fundi, nasi twaona kila upande una sehemu yake ya lawama. Mpangaji husema: Fundi alichukua arubuni akatoweka. Fundi husema: Nilipatana koki moja, nilipofungua nikakuta bomba lote limeoza, mwenye nyumba akanambia maliza kwa bei ile ile. Wote wawili walikosa kitu kimoja, yaani mapatano yaliyoandikwa.

Hatutaki karatasi ndefu ya mawakili. Ukurasa mmoja watosha, na uwe na mambo haya: kazi yenyewe ni ipi, kutoka wapi hadi wapi, vifaa ni vya namna gani, na nani atavinunua, ujira ni kiasi gani, na utalipwa kwa mafungu mangapi, ukuta na vigae vitakavyovunjwa vitarudishwa na nani, na, ambalo ni muhimu kuliko yote katika jengo la zamani, litafanyika nini endapo ndani ya ukuta patakutwa jambo lisilotazamiwa. Jengo la zamani daima huficha jambo. Kwa hiyo itenganishwe kazi ya kwanza, yaani kufungua na kupima, ilipwe peke yake. Kisha bei ya kutengeneza itajwe baada ya macho kuona. Fundi anayetaja bei ya mwisho kabla ya kufungua ukuta, ama atajipunja yeye, ama atampunja mwenzake.

Juu ya vifaa, mpangaji aende dukani pamoja na fundi, na risiti ibaki kwa aliyelipa. Koki nyepesi ya bei ndogo na koki nzito ya shaba zaweza kufanana machoni, lakini ukizipima mkononi utazitambua. Wahenga walisema rahisi ni ghali, nao hawakuwa na dira ya maji. Koki ivujayo lita moja kwa saa, ambayo hata hatuioni kuwa ni mvujo, yapoteza lita 24 kwa siku na lita 720 kwa mwezi. Hayo ni madumu 36 ya lita 20. Kuna mama wa pembezoni mwa mji ambaye angeyanunua madumu hayo 36 kwa muuza mkokoteni, moja moja, kwa fedha ya vitumbua vyake.

Tena fungu la mwisho la ujira lisilipwe kabla ya majaribio. Bomba jipya lijazwe maji, lifungwe, liachwe usiku kucha hali ukuta uko wazi, na asubuhi kila kiungo kipapaswe kwa karatasi kavu. Kupiga plasta kabla ya majaribio ni kuzika mtu ambaye daktari hajamtazama.

Lakini majaribio yakifaulu, ujira ulipwe siku hiyo hiyo. Hapa twataka kuwaambia ukweli ndugu zetu wapangaji na wenye nyumba. Wako miongoni mwetu watu wasemao sana juu ya haki za wafanyakazi katika mikutano, lakini fundi akimaliza kazi nyumbani kwao humwambia aje Jumamosi, na Jumamosi humwambia aje mwisho wa mwezi. Huo ni unyonyaji, hata ukifanywa na mtu mdogo. Fundi bomba huingiza mkono mahali ambapo sisi hatutaki hata kutazama. Kumpa glavu, maji ya kunawa na sabuni, kumwita kwa jina lake, na kumlipa kwa wakati, si hisani. Ni haki yake.

Maghala yaliyogeuzwa makao

Kuna aina nyingine ya majengo ambayo mambo yake ni magumu zaidi, nayo ni viwanda na maghala ya zamani yaliyogeuzwa kuwa makao ya watu. Hata kwetu maghala hugeuzwa ofisi, kumbi na mabweni, lakini jambo hili limeenea hasa katika miji mikubwa ya ng'ambo, na yafaa tujifunze kwao.

Katika mji wa New York, mtaa wa SoHo ulikuwa na viwanda vya karne ya 19 vyenye nguzo na kuta za mbele za chuma cha kusubu. Viwanda vilipohama, wasanii waliingia humo katika miaka ya 1960, wakaishi bila idhini, kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo na kumbi zilikuwa pana. Wengi walijitengenezea wenyewe masinki na mabafu. Mwaka 1971 mji uliruhusu wasanii kuishi SoHo kwa halali. Wakaaji wa majengo ya namna hiyo waliendelea kujikusanya na kudai, na mwaka 1982 Jimbo la New York lilitunga sheria iliyowapa kinga dhidi ya kufukuzwa, na kuwalazimisha wenye majengo kuyafikisha katika kiwango cha usalama wa makao. Katika mji huo, kazi kubwa ya mabomba haifanywi ila chini ya fundi mkuu mwenye leseni ya mji, naye hutoa jina lake katika kibali. Kazi ikiharibika, ajulikana wa kuulizwa.

Ugumu wa ghala ni nini? Kiwanda kilijengwa kwa ajili ya mashine. Katika sakafu ya mita 40 kwa 15 huenda pana choo kimoja tu, pembeni, cha wafanyakazi wote. Jengo likigawanywa makao sita, kila mmoja ataka choo chake na jiko lake, tena karibu na dirisha. Lakini maji machafu hayasukumwi, hushuka kwa uzito wake. Bomba la choo la milimita 100 huwekwa aghalabu kwa mteremko wa moja kwa 40, maana yake kila mita moja lishuke sentimita 2.5. Choo kikiwa mbali na bomba la wima kwa mita 12, mwisho wa bomba utakuwa umeshuka sentimita 30. Sentimita hizo 30 zitapatikana wapi juu ya sakafu ya zege? Ama sakafu ya bafu ipandishwe kama jukwaa, ama bomba lipite chini ya dari la jirani. Fundi asiyepiga hesabu hiyo hulaza bomba karibu usawa, akaondoka. Na baada ya miezi mitatu choo chaziba kila Ijumaa.

Mji wa Chicago nao watupa funzo jingine. Huko kanuni za mji zilitaka bomba liletalo maji kutoka mtaani hadi nyumbani liwe la risasi, na hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1986, ilipokatazwa kwa sheria ya nchi nzima. Leo mji huo una mabomba ya namna hiyo yapatayo laki nne, na kuyafukua ni mzigo mzito. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kanuni ilikuwapo, wakaguzi walikuwapo, na mafundi walitii. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa na sumu ndani yake. Kwa hiyo hata sisi, tunapolifungua bomba la zamani, tusiseme tu kwamba liliwekwa na wataalamu. Tuulize ni la madini gani, na viungo vyake vililehemiwa kwa nini.

Bomba la wote, fedha ya wote

Turudi sasa nyumbani, kwenye yule wa juu na yule wa chini. Sisi twaamini kwamba nusu ya taabu za mabomba katika majengo yetu haitokani na uchache wa mafundi. Yatokana na kila mpangaji kumwita fundi wake kwa siri, kwa kipande chake cha bomba. Wa ghorofa ya kwanza ametia plastiki, wa pili ameacha chuma, wa tatu ametia pampu. Bomba moja lina mabwana wanne, na hakuna anayelijua lote.

Hatari yake si ya fedha tu. Maji yanapokatika kwa mgao, bomba tupu huvuta ndani chochote kilicho karibu na tundu lake. Na likiwa limepita kando ya chemba ya maji machafu, hutaka kusema zaidi? Dar es Salaam ilipatwa na kipindupindu mwezi wa Agosti 2015, kikaenea sehemu nyingi za nchi. Ugonjwa huo hausomi namba za milango. Mpangaji aliyelipa vizuri na asiyelipa hunywa kwenye bomba moja.

Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo imekwisha kutambua jambo hili: katika jengo lililogawanywa kwa wamiliki wengi, zipo sehemu za mtu binafsi na zipo sehemu za wote, na zile za wote husimamiwa na umoja wa wamiliki. Lakini hata pale ambapo sheria hiyo haifiki, kama vile katika jengo la kupanga, hakuna kinachowazuia wakaaji kuunda kamati yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kamati hiyo ifanye mambo manne. Iwe na daftari la jengo, linaloonyesha kila koki iko wapi, kila bomba lapita wapi, nani alilitengeneza na lini. Ikusanye mchango mdogo wa kila mwezi, uwekwe benki na hesabu zake zibandikwe ngazini. Ipatane na fundi mmoja au wawili walijuao jengo, wawe wanalitembelea hata pasipo na mvujo. Na iandike kwa mwenye jengo, liwe shirika au mtu binafsi, kumkumbusha wajibu wake juu ya mabomba makuu, pamoja na nakala ya daftari. Barua yenye tarehe na ushahidi haijibiwi kwa maneno matupu.

Kwa mashirika yenye majengo nayo tuna neno. Kupaka rangi ukuta wa mbele ni jambo jema, wageni hupendezwa. Lakini rangi hupakwa mwisho. Jengo la miaka 60 ambalo mabomba yake ya wima hayajabadilishwa halitengenezwi kwa kuziba tundu moja moja; lahitaji mpango wa miaka, ghorofa kwa ghorofa, wapangaji wakijulishwa mapema ni siku gani maji yatafungwa. Kodi ambayo wapangaji wameilipa miaka yote hiyo ilikuwa na fungu la kazi hiyo ndani yake.

Nanyi mafundi, vijana mnaoketi barabarani na mifuko yenu mkingoja kuitwa, jueni kwamba kazi yenu ni ya afya ya watu sawa na kazi ya mganga. Msikubali kuharakishwa kuziba ukuta kabla ya majaribio. Msiguse bomba lililo kabla ya dira, maana hilo ni la mamlaka ya maji. Mkikuta jambo lililopita ujuzi wenu, semeni. Hakuna atakayewadharau, na jina lenu litaenea ngazi kwa ngazi katika jengo zima.

Majengo haya yalijengwa kwa jasho la watu, na yamewahifadhi wafanyakazi kwa vizazi viwili. Hayatadumu kwa kugombana ngazini. Wiki hii, ndugu msomaji uishiye katika jengo la ghorofa, fanya jambo moja ambalo halina gharama: shuka chini na jirani yako wa juu na wa chini, mkaitafute koki kuu ya jengo lenu, mwone kama yafunga.